Tusiuzishe nyumba nzima kwa bei moja



Kuna biashara moja ambayo kwetu Katanga inafanyika bila kelele. Kazi inaisha, na mtu anapaswa kurudisha ufunguo wa nyumba ya kampani, ao kutoka katika nyumba ya kulipia ya vyumba vine na kuingia katika vyumba viwili. Vitu havitaenea. Mnunuzi anafika, anazunguka vyumba mikono mfukoni, anafungua frigo, anabonyeza matela, halafu anasema: « Papa, bintu yote hii ninabeba bei moya tu. » Saa mbili kisha pale kamio imejaa, na nyumba inabaki na misumari ukutani. Ile feza nayo, ukiisha kulipa deni la duka na deni la wale tunaita Banque Lambert, haifiki mwisho wa mwezi.

Sisi tunasema: desturi hii inatuumiza, na inafaa tuiache. Hatusemi kwamba watu wasiuzishe. Nyumba ndogo haiwezi kumeza vitu vya nyumba kubwa, na safari ya kurudi kwa wazazi haibebi kabati tatu. Tunasema hivi: kuuzisha yote siku moja, kwa mtu mmoja, kwa bei moja, njo kupoteza mara mbili. Kwanza kazi, halafu nyumba.

Jambo hili tulishaliona

Hatuzungumzi juu ya kitu kigeni. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906, na kwa miaka mingi kampani ile ilitoa nyumba, posho, hospitali na masomo. Serikali iliichukua mwaka wa 1967, nayo ikakuja kuitwa Gécamines, lakini desturi ilibaki. Wazee walisema kampani njo baba, njo mama. Mshahara haukuwa mkubwa sana, lakini katika nyumba kulikuwa vitu: vitanda vya chuma, bufe, redio, mashine ya kushona, kinga ya baba, sahani za wageni ambazo hakuna mtoto aliruhusiwa kugusa.

Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470 000 za shaba. Katika mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto, pale Kolwezi, uliporomoka. Mwanzo wa miaka ya 2000 uzalishaji haukufikia hata tani 30 000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Hapo familia zilijua kwamba vile vitu vya nyumba vilikuwa banki. Redio ilitoka ikarudi unga. Sahani za wageni zilitoka zikarudi dawa ya mtoto. Mashine ya kushona ilitoka ya mwisho, kwa sababu ilikuwa inalisha watu.

Mwaka wa 2003 na 2004, kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walitoka katika ile operesheni ya « départs volontaires ». Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya maisha ya familia za kazi. Kilitoka mwaka wa 2001, na kichwa chake kinasema « Bana Shaba abandonnés par leur père », ni kusema watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kila mtu aliyekomalia katika kambi anaelewa kichwa kile bila kufungua kitabu.

Leo kampani ni zingine, lakini ulizo ni lile lile. Vijana wengi wanafanya kazi kwa kontra fupi za sutretansi: miezi sita, mwaka mmoja, halafu tutaona. Bei ya kobalti ikianguka, migodi inasikia. Mwisho wa mwaka wa 2019 mgodi mkubwa wa Mutanda ulisimama. Katika mwezi wa 2 mwaka wa 2025 serikali ilifunga njia ya kutosha kobalti inchini, na nyumba nyingi za Kolwezi na Likasi zilianza kuhesabu siku. Kuna pia wale ambao hawakupoteza kazi, lakini mgodi umefika karibu na nyumba yao na wanapaswa kuhama. Wote hao, siku moja, wanasimama katikati ya salon na kujiuliza: tunaenda wapi na bintu yote hii?

Hesabu ya mnunuzi

Tutazame namna mnunuzi anahesabu, kwa sababu yeye hahesabu kama sisi. Tuweke mfano tu. Tuseme frigo inaweza kupata dola 150, viti vya salon 120, kitanda na matela 80, televizio 60, mashine ya kushona 50, na vyombo vyote vya jikoni 40. Jumla ni dola 500, kama kila kitu kinapata mtu wake.

Mnunuzi wa jumla anajua vitu viwili vitatoka haraka: frigo na salon. Vile viwili peke yake ni dola 270. Anatoa 220 kwa vyote. Kitanda, matela, televizio, mashine na vyombo anavipata bure, na juu yake dola 50. Hakutuiba. Alisema bei, tukaitika. Ana kamio ya kulipa, ana vijana wa kubeba, ana nafasi sokoni ambayo inaomba kodi kila siku. Anaweza kungojea mwezi mzima mpaka kabati ipate mtu wake. Yeye ananunua ile siku yetu ya haraka. Vitu ni faida yake ya juu.

Kwa hiyo, mwenye kuwa na siku kumi ana nguvu kuliko mwenye kuwa na siku moja. Mtu akiona mifuko imefungwa mlangoni na kamio ya safari inaitwa kesho, bei inaanguka hata kama frigo ni mpya. Ukimwambia « tunaondoka kesho asubuhi », umekwisha kumpa punguzo mbele hajaomba.

Muda tunaupata wapi? Kwa wengine uko ndani ya sheria. Kanuni ya Kazi ya mwaka wa 2002 inasema hivi: kama mwajiri anakata kontra isiyo na tarehe ya mwisho, na mfanyakazi hakufanya kosa zito, preavis ni siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mtu wa miaka mitano anapata siku 49 za kazi. Mtu wa miaka kumi anapata siku 84. Wengi wanaona preavis kama feza tu. Lakini ni muda pia, muda wa kutafuta nyumba nyingine na kuuzisha vizuri. Kama kampani inalipa siku zile kwa feza na kusema tokeni sasa, delege wa sendika aombe tarehe ya kurudisha nyumba, na aiombe kwa maandishi.

Kuna pia jambo la mizigo. Kwa mfanyakazi aliyetolewa mbali kuja kazini, Kanuni ya Kazi inazungumza juu ya gharama ya safari ya kurudi, yeye, bibi yake na watoto, pamoja na mizigo yao. Kuna masharti, na kila kontra isomwe vizuri. Lakini ni haya kuuzisha vitanda vya watoto kwa sababu ya bei ya kamio, halafu kusikia kisha kwamba kamio ile ilikuwa juu ya mwajiri. Tuulize kwanza, tuuzishe nyuma.

Vitu ni vya nani?

Hapa tunataka kusema na wababa, kwa heshima yote. Katika nyumba nyingi, mnunuzi anaitwa wakati mama ameenda sokoni. Akirudi, anakuta kongelatere haiko. Kwa baba ilikuwa kitu kikubwa chenye kula nafasi. Kwa mama ilikuwa kazi: maji ya baridi, samaki, barafu ya watoto wa masomo. Kongelatere ile ilikuwa inalipa minerval. Baba aliuzisha kipande cha kazi katika mwezi ule ule ambao kazi yake mwenyewe ilikuwa imeisha.

Ni vile vile kwa mashine ya kushona, sufuria kubwa za kupikia watu wa matanga na wa ndoa, na mbabula mbili za mama mwenye kuuzisha beignet. Kitu chenye kuingiza hata franka kidogo kwa siku, kisihesabiwe kama kiti. Kiti kinakaliwa tu. Mashine inalisha.

Sheria nayo imebadilika. Kanuni ya Familia ya mwaka wa 1987 ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016, na ile ruhusa ya bwana ambayo bibi alipaswa kuomba imeondolewa. Bwana na bibi wanapaswa kupatana. Lakini hata bila sheria, akili inasema hivyo: mama njo anajua sufuria gani inatoboka na gani itafika miaka kumi. Mkae wawili na muite watoto wakubwa. Mtoto akiambiwa kwa nini meza yake ya kusomea inaenda, atalia siku moja. Asipoambiwa, atakumbuka miaka mingi.

Haya njo inaharibu bei

Watu wengi wanajua hesabu hii yote, na bado wanauzisha kwa jumla. Kwa nini? Haya. « Batu batasema nini? » Mtu aliyekuwa chef d'équipe hataki majirani waone matela yake ikipita barabarani. Kwa hiyo anaita kamio usiku. Na usiku, mnunuzi ni mmoja tu. Yule jirani ambaye angependa kununua kabati kwa bei nzuri amelala. Binamu ambaye anaoa mwezi ujao na anatafuta kitanda hajasikia kitu. Tunaficha mbele ya watu ambao wangelipa vizuri, na tunajifunua mbele ya mtu mmoja ambaye halipi vizuri.

Tuongee wazi: katika miji yetu ya mgodi, kuisha kwa kazi si kosa la mtu. Bei ya shaba na ya kobalti haiamuliwi Katuba wala Musonoi. Jirani anayecheka leo, kontra yake inaisha mwezi wa 6. Kama kila nyumba inajificha, kila nyumba inauzisha kwa hasara yake peke yake, na wenye kamio wanafurahi peke yao.

Tunasikia jibu la wengine: ukiuzisha kitu kimoja kimoja, wezi watajua una feza ndani ya nyumba. Woga huo una maana, na tunauheshimu. Lakini kamio ikijazwa mbele ya nyumba, nayo inatangaza. Tena hasara ya jumla ni hakika, wakati mwizi anaweza kuzuiwa: feza ipokelewe kwa telefone pale inawezekana, isilale ndani ya nyumba, na mnunuzi apokelewe muchana mbele ya ndugu wawili. Wengine wanasema kuuzisha moja moja kunachosha. Ndiyo, kunachosha. Kununua upya pia kunachosha, na huko kunaomba feza.

Namna ya kufanya

Twendeni kwenye mambo ya mikono. Mbele ya kuita mtu yeyote, kamata daftari. Pita chumba kwa chumba na uandike kila kitu. Kisha gawanya katika mafungu matatu: vya kubeba, vya kuuzisha, vya kugawia ndugu. Kwa kila kitu chenye uzito, tafuta bei tatu: hapa kitapata ngapi, kukibeba kutaomba ngapi, na kule tunaenda kipya ao kilichotumika kinauzishwa ngapi. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa zaidi ya 300. Kutoka Likasi ni karibu 120. Kabati inaweza kulipa safari ya Likasi na isilipe ile ya Kolwezi. Kama bei ya kubeba pamoja na bei ya kuuzisha hapa hazifikii bei ya kununua kule, beba. Kama zinaipita, uzisha. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya.

Vitu vikubwa viuzishwe kwanza na kila kimoja kwa bei yake. Frigo na televizio zionyeshwe wakati umeme uko. Frigo ambayo haikuonekana ikifanya kazi inanunuliwa kama chuma. Safisha vitu, nusu saa ya maji na sabuni inapandisha kabati kuliko maneno mengi. Sema bei yako wa kwanza, na ujue ndani ya moyo bei ambayo huwezi kushuka chini yake.

Vitu vidogo, hapo ndiyo, viuzishwe kwa fungu: vikombe, sahani, ndoo, mapazia. Kuuzisha kwa jumla hakukuwa dhambi. Dhambi ni kuchanganya kijiko na frigo katika bei moja. Fungu la mwisho linabaki kwa mnunuzi wa kamio, na tutamkaribisha vizuri. Na yeye ana watoto.

Kwa kila kitu cha bei, andika karatasi: jina la mwenye kuuzisha, jina la mnunuzi, kitu gani, namba yake kama iko, bei gani, tarehe, alama za mikono za wote wawili na za mashahidi wawili. Karatasi ile inalinda wote. Mnunuzi hataitwa mwizi barabarani, nawe hutaulizwa kitu kiko wapi.

Kuna vitu visivyoingia katika fungu lolote la kuuzisha: karatasi za kazi, za CNSS, za masomo na za kuzaliwa za watoto, picha za wazazi. Karatasi nyingi zimepotea ndani ya bufe iliyouzishwa haraka. Fungua kila droo. Bufe inaweza kununuliwa tena, lakini fishi ya miaka ishirini ya kazi hapana.

Tunachoomba

Jambo hili si la kila nyumba peke yake. Kwa kampani tunaomba: wakati kazi inaisha ao kartie inahamishwa, tarehe ya kuacha nyumba itolewe kwa maandishi, na muda uwe wa kutosha. Familia inayopewa siku tatu imekwisha kupoteza nusu ya nyumba yake, hata kama hakuna mtu aliyeigusa.

Kwa sendika tunaomba: katika mazungumzo, msiseme tu juu ya dekonte ya mwisho. Semeni pia juu ya nyumba na mizigo. Delege anayerudi na dola mia zaidi, lakini bila siku za kuhama, amerudi na feza ambayo mnunuzi wa kamio atakula.

Kwa wakubwa wa komini na wa kartie tunaomba jambo dogo: mahali ambapo familia nyingi zinahama, pawe na siku moja ya soko, muchana, katika kiwanja cha masomo ao cha parokia, bila kodi ndogo ndogo na bila kusumbua watu. Familia kumi zikiuzisha pamoja, wanunuzi ishirini watakuja, na hakuna atakayeona haya, kwa sababu wote wako pale.

Na kwa nyumba zetu tunasema: msingojee barua. Kazi ingali iko, na mshahara unaingia. Jioni moja ya juma hili, kisha bukari, baba na mama wakamate daftari wapite vyumba vyote. Waandike kila kitu, na pembeni ya kila kitu waandike alama moja: kinalisha, ao kinakaa tu. Daftari ile iwekwe pamoja na karatasi za nyumba. Siku mtu wa kamio atafika na bei yake moja, mtakuwa na yenu, iliyoandikwa mstari kwa mstari.